Acheni kutuambia kila msaliti alisukumwa na tamaa

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite.

Nimechoka na namna usaliti unavyofundishwa, unavyohakikiwa, na siku hizi hata unavyoandikwa. Chukua mwongozo wowote wa uhakiki, nenda kwenye maudhui, tafuta kichwa cha usaliti. Sababu: tamaa ya mali, tamaa ya madaraka, wivu. Athari: kifo, utengano, majuto. Hapo chini wamekuwekea methali ya kikulacho ki nguoni mwako, basi, twende mada nyingine. Kitabu kiwe cha miaka 400 iliyopita au cha juzi, majibu ni yaleyale. Ukiuchana huo ukurasa kwenye mwongozo wa tamthilia ukaubandika kwenye mwongozo wa riwaya, hakuna msomaji atakayegundua.

Kilichonifanya nishindwe kunyamaza ni insha ya mpwa wangu. Aliandika kuhusu Mugo, yule wa A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya ya mwaka 1967. Binti akaeleza kwamba Mugo alimsaliti Kihika, mpigania uhuru wa msituni, kwa sababu alitaka aachwe aishi peke yake bila kuingiliwa. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "tamaa ya zawadi", kakata alama. Binti wa watu akaja kuniuliza kama labda amesoma kitabu kingine.

Hajasoma kitabu kingine. Amekisoma hichohicho, tena vizuri kuliko aliyemsahihisha.

Bango la zawadi kwa atakayemfichua Kihika lipo kweli riwayani, na Mugo analiona, na pesa zinampita akilini. Sikatai. Lakini mtu akiishia kwenye bango amekisoma kitabu au amekipekua? Mugo ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi aliyemdharau mpaka akatamani kumnyonga kwa mikono yake. Anachotaka duniani ni shamba lake, jembe lake, na watu wasimguse. Kisha usiku mmoja Kihika anaingia kibandani kwake, ametoka kumpiga risasi afisa wa wilaya wa kikoloni, anatafutwa kila kona, na anamwomba Mugo aandae harakati za siri kijijini. Kuanzia dakika ile Mugo hana pa kusimama. Akikubali, wakoloni watamnyonga. Akikataa, watu wa msituni wanaujua mlango wake. Na kinachomchoma zaidi ni kwamba Kihika ana baba, ana mama, ana ndugu wa kumlilia, ilhali yeye hana mtu hata mmoja. Kwa nini mwenye kila kitu aje kumvuta asiye na kitu kwenye kifo? Huo ni uchungu wa mtu aliyesahauliwa na kila mtu, halafu akakumbukwa siku anayotakiwa kufa. Uite tamaa ukipenda, ila usinikatie mtoto alama kwa kuuona.

Na anapokwenda kutoa siri kwa Mzungu, afisa wa serikali ya kikoloni, Ngũgĩ anaandika jambo ambalo mwongozo wowote haulitaji. Mzungu anamtemea mate usoni. Mtu kaja kutoa kichwa cha adui mkubwa wa serikali, na serikali yenyewe inamwona uchafu. Laiti tungesoma pale polepole, tungejifunza zaidi kuhusu usaliti kuliko tunavyojifunza kwenye hoja zenu zote zilizopangwa kwa herufi.

Twende nyumbani, kwa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani ya Waswahili. Utenzi wake wa mwaka 1913, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa, kila mtu anaukumbuka kwa jambo moja: mtoto alimuua baba yake kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa kuwa sultani wa Pate alimwahidi cheo na binti yake amuoe. Wahakiki wakifika hapo wanashangilia. Tamaa ya mali, ipo! Tamaa ya madaraka, ipo! Alama mbili.

Sasa naomba mnijibu kuhusu Saada.

Saada ni kijakazi. Liyongo akiwa gerezani, huyu ndiye anayepeleka chakula na ujumbe. Ndiye anayebeba maneno ya Liyongo hadi kwa mama yake Mbwasho, kwamba aoke mkate mzuri na mkate wa makapi, na tupa ya kukatia minyororo aifiche ndani ya ule wa makapi. Walinzi wanakula mkate mzuri, ule wa makapi wanamwachia mfungwa, na usiku wa ngoma Liyongo anakata minyororo na kutoka. Saada anaijua siri nzima. Neno moja kwa walinzi lingetosha. Mtumwa ambaye angemwokolea sultani mfungwa kama yule angepata nini? Angeweza kuomba uhuru wake, jambo kubwa kuliko cheo chochote cha uwaziri. Kama usaliti ni hesabu ya faida tu, Saada ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kusaliti. Hakusaliti. Mtoto wa damu, aliyezaliwa na jina kubwa na asiye na njaa, ndiye aliyesaliti.

Hilo swali sijaliona kwenye mwongozo hata mmoja. Wanamtaja Saada kwenye orodha ya wahusika wadogo, "mtiifu", wanapita. Lakini utenzi umeweka watu wawili mbele yetu, mmoja amebeba mkate na mwingine amebeba sindano, ukatuachia tujiulize. Mimi naona jibu liko kwenye kile mtoto alichokikosa kwa kuwa mwana wa Liyongo. Baba ni jabali, anaimbwa pwani nzima, hauawi kwa mkuki wala mshale. Mtoto ni nani? Pale kwa sultani ndipo alipotendewa kama mtu mwenye thamani yake mwenyewe. Sultani hakununua tamaa tupu, alinunua kijana aliyechoka kuwa kivuli. Mnaweza kunipinga, karibuni, lakini nipingeni kwa beti.

Na kuna kinachouma zaidi. Mtoto anapomuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, Liyongo anatambua kwamba mwanawe amehadaiwa. Anatambua, na bado anamtajia sindano. Shujaa aliyezivuka hila zote za sultani anaweka uhai wake mkononi mwa mtoto huku akijua. Kwa nini? Kwa kiburi? Kwa upendo? Kwa sababu kumkatalia mwanawe kungekuwa kukiri kwamba hana tena mwana? Hapo kuna semina nzima ya fasihi, na sisi tunawaambia vijana waandike "usaliti unaletwa na tamaa" halafu wageuze ukurasa!

Tukienda mbali na kwetu hali ni ileile. Kwenye Othello ya Shakespeare kila mtu anamkimbilia Iago, askari anayemhadaa jemadari wake Othello mpaka anamuua mkewe Desdemona, na ni haki, kwa kuwa yeye mwenyewe anatoa sababu juu ya sababu: kanyimwa cheo akapewa Cassio, anashuku mkewe kalala na Othello. Sababu nyingi mno, mpaka unaanza kuhisi hata yeye hajui ipi ni ya kweli. Mwishoni anaulizwa kwa nini kafanya yale, anakataa kusema neno. Mwongozo unajibu kwa niaba yake: wivu.

Mimi anayeninyima usingizi ni Emilia, mke wa Iago. Anaiokota leso ya Desdemona iliyoanguka. Mumewe amemwomba mara nyingi aiibe, hajui ya nini, anampa ili tu amfurahishe, na Iago anaigeuza ushahidi wa uongo kwamba Desdemona si mwaminifu. Baadaye Desdemona anaitafuta leso yake, anamuuliza, na Emilia, rafiki yake wa karibu kuliko wote mle ndani, anasema hajui iliko. Jibu fupi kabisa, la mtu anayetaka siku ipite. Laiti angesema "nimempa mume wangu", hadithi yote ingegeuka pale pale. Huo nao ni usaliti, na umetoka kwenye unyonge wa mwanamke anayetafuta neno zuri kutoka kwa mume asiyempenda. Hana chuki na Desdemona hata chembe. Ukweli unapofumuka ni yeye anayeusema hadharani, na mumewe anamuua kwa hilo. Nionyesheni kifungu cha mwongozo wenu anapoingia Emilia. Hamna. Amebaki kwenye "wahusika wengine".

Brutus nimtaje kwa haraka, maana Mwalimu Nyerere alishatufungulia mlango kwa tafsiri yake ya mwaka 1963 ya Julius Caesar, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Brutus anakiri mwenyewe kwamba hana kisa binafsi na Kaisari. Anamuua rafiki kwa jambo ambalo huenda angelifanya siku moja akivikwa taji. Mtu mwadilifu, anayeipenda nchi, anachukua kisu kwa sababu ya "huenda". Weka hilo kwenye kisanduku cha tamaa kama litaenea.

Sasa athari. Hapa ndipo hasira yangu ilipo kubwa.

Tumefundishwa kwamba athari ya usaliti ni kile kinachompata msaliti. Yuda alijinyonga, tumemaliza. Kama vile kitabu ni mahakama na sisi wasomaji tumekuja kusikiliza hukumu. Lakini angalieni waandishi wenyewe wanaelekeza wapi macho yetu. Kaisari akishauawa, umati wa Roma unakutana na mshairi aitwaye Cinna. Mmoja wa waliomuua Kaisari naye anaitwa Cinna. Mshairi anapiga kelele kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi. Wanajibu basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Mtu asiyehusika na lolote anauawa kwa kufanana jina. Shakespeare hakuliweka tukio lile kwa kujaza nafasi. Anatuonyesha kwamba kisu cha rafiki kikishapita, mji mzima unasahau kutofautisha mtu na mtu.

Kwa Liyongo vilevile. Akiwa na sindano kitovuni anajikongoja hadi kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, na roho inamtoka akiwa katika hali ile ile. Watu wanamwona kwa mbali wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji uliotamani afe unakaa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka anaombwa mama yake, Mbwasho, aende kumsihi mwanawe. Hebu fikirini. Wanamwomba mama aliyefiwa awafungulie njia ya kisima. Hiyo ndiyo athari ya usaliti, imechorwa kwa jinsi ambayo hakuna orodha inayoweza kuigusa. Nyinyi mnaandika "kifo".

Na Mugo? Kijiji kinamfanya shujaa. Kimeshaamua kwamba msaliti ni Karanja, mwanakijiji aliyewatumikia wakoloni, na siku ya Uhuru, Desemba 1963, kinamtaka Mugo asimame mbele ya watu amsifu Kihika. Njia ya kupona imewekwa wazi kabisa: nyamaza, mwingine afe kwa niaba yako. Anasimama anasema ni mimi. Watu wanampisha kimya. Mwongozo unaliita hilo "majuto". Kwangu ni tendo la ujasiri kupita yote riwayani, na limefanywa na msaliti. Mtoto aliyefundishwa kwamba msaliti ni mtu mbaya, nukta, atalisomaje?

Dante, mshairi wa Italia, alikuwa na akili kubwa hapa. Kwenye Jehanamu yake wasaliti wako chini kabisa, kwenye barafu, na amewagawa kwa uhusiano waliouvunja: waliosaliti ndugu, waliosaliti nchi, waliosaliti wageni wao, waliosaliti wafadhili wao. Hakuwapanga kwa malipo waliyopokea. Alitazama walikuwa nani kwa yule waliyemgeuka. Miaka 700 imepita na sisi bado tunahesabu vipande 30 vya fedha.

Nimalizie na waandishi wetu wa sasa, hasa mnaotoa hadithi kwa sehemu mitandaoni. Mmelishwa miongozo hii na inaonekana. Msaliti wenu tunamjua tangu sura ya kwanza: ana macho ya hila, anacheka peke yake, anahesabu pesa gizani. Halafu mnashangaa msomaji hashtuki. Usaliti unauma kwa kuwa tulimpenda huyo mtu na tulimwamini pamoja na mhusika mkuu. Kama hukutufanya tumpende, umeandika wizi tu. Mpeni msaliti sahani ya chakula anayompelekea mgonjwa, mpeni deni la wema analodaiwa, mpeni sababu ambayo mimi msomaji nitaiogopa kwa kuwa ningeweza kuwa nayo. Kisha mwacheni atende.

Walimu mlioko humu, ombi langu ni moja. Mkikutana na insha inayotoa sababu ambayo haimo kwenye mwongozo, rudini kitabuni kabla ya kushika kalamu nyekundu. Mpwa wangu nimemwambia arudi kwa mwalimu wake na riwaya mkononi, kwa adabu, afungue pale Kihika anapoingia kibandani usiku, wasome pamoja kwa sauti mpaka mwisho. Alama zake zirudishwe zisirudishwe, huo ukurasa lazima usomwe.

Anayebisha karibu. Ila aje na kitabu, mwongozo auache nyumbani.