Hivi majengo yote ya umma yawekwe mitambo ya kuwasaidia wasiosikia vizuri? Tujadili

Mleta mada: Juzi kikaoni nimekaa na mzee ana shimesikio kabisa (kile kifaa cha sikioni cha kusaidia kusikia), ila kila dakika ananigusa goti "kasemaje?" Mie nasema mahakama, hospitali, kumbi za mikutano, zote ziwekewe lupu, ule waya wa kupeleka sauti kwenye shimesikio, kwa sheria.

fundi_waya: Naunga mkono. Ni waya tu unaozungushwa chumba na amplifaya yake, shimesikio yenye koili (kiwaya cha ndani cha kunasa lupu) unaiweka kwenye alama ya T inadaka sauti ya maiki moja kwa moja, mwangwi na viti vinavyoburuzwa husikii. Ila vyuma vingi kwenye jengo vinaipunguza nguvu, na inavuja chumba cha pili. Mahakamani kwenye kesi za faragha bora infraredi, sauti inabebwa na mwanga usioonekana, haipenyi ukuta.

Kibarazani: Makorokoro yote hayo ya nini si waongeze spika? Halafu tuseme ukweli wazee wengine wanasikia wakitaka, taja pesa uone 😂

Bint_Mkubwa: @Kibarazani umenigusa pabaya. Baba yangu aliacha kwenda mikutanoni kwa kuchekwa hivyohivyo, alikuwa anaitikia "ndiyo" hata akiulizwa jina.

Kibarazani: Sasa povu la nini, babako nimemtaja? Bibi yangu mwenyewe umwite mara tano kimya, nong'ona yuko chumba cha pili anauliza "mnanisema?"

fundi_waya: Uziwi wa uzeeni unaanza kula sauti nyembamba, s, f, t zinapotea, kwahiyo sauti anaisikia neno halimwingii. Spika kubwa unamwongezea kelele tu.

Kibarazani: Kunong'ona si ndo s na f tupu fundi? Jibu hilo

Msomaji2: WHO wanasema zaidi ya watu milioni 430 wanahitaji huduma za usikivu, 2050 watapita milioni 700, na ule mkataba wa UN wa 2006 wa watu wenye ulemavu kifungu cha 9 kama sikosei unadai majengo yafikike. Wote hao wanajifanya?

kimya_kimya: Mie kiziwi tangu kuzaliwa, lupu yenu hainisaidii chochote. Nataka mkalimani wa lugha ya alama na maandishi kwenye skrini, mbona hamjaniuliza?

Bint_Mkubwa: @Kibarazani labda bibi alikuwa anawaona mnavyomwangalia, hakuhitaji masikio.

Kibarazani: Nimekwambia chumba cha pili!! Soma kwanza

Mleta mada: Jamani mada ni majengo. @kimya_kimya samahani, hebu endelea

Bint_Mkubwa: Mlango ulikuwa wazi au umefungwa?