Nina miaka 43 na bado natamani kujifunza kupiga udi: je, nimechelewa?

Kijana wa Zamani (Chake Chake) ameuliza:

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa watu wazima wenzangu, kwani jambo hili nimelizungumza nyumbani mara mbili na mara zote mbili limeishia kwenye kicheko.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane au tisa, katika kijiji kilicho karibu na Wete, marehemu baba yangu alikuwa na redio ya betri, na kila betri zilipodhoofika tulizianika juani pembeni ya jamvi la karafuu ili zipate nguvu ya kutufikisha usiku, kwa sababu usiku ndio uliokuwa wa taarabu. Waimbaji sikuwafuata sana. Sikio langu lilikwenda kwenye udi, hasa pale mpigaji anapoachiwa uwanja peke yake kabla ya wimbo kuanza, akawa anatafuta njia polepole huku wenzake wamenyamaza. Nikajitengenezea udi wangu kwa kopo la mafuta ya kupikia, kipande cha ubao na mshipi wa kuvulia niliouchukua kwa mjomba bila ya kumwambia. Ulikuwa na nyuzi tatu na sauti ya nzi aliyefungiwa chupani, lakini niliupiga mpaka vidole vikachubuka. Siku moja baba alinitazama akasema kwamba udi haujapata kumlisha mtu, nami nikamsadiki. Nikasoma, nikaajiriwa, na sasa ni karani mwenye watoto watatu.

Sikosi chakula, sina ugomvi na mke wangu, na kazi yangu haina ubaya. Hata hivyo, kila nikipita penye arusi nikasikia vyombo, nakuwa kama mtu aliyesahau kitu sokoni asijue ni kitu gani. Je, mtu wa umri wangu hupata wapi msukumo wa kuanza? Na je, ni busara niache kazi nihamie Unguja nikasome muziki, au haya ni matamanio ya kitoto ambayo yangebaki huko huko utotoni?

Bi Mkubwa wa Rahaleo amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeuliza kama mtu aliyesimama mbele ya milango miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa udi, akaamini kwamba akiingia huu sharti aufunge ule. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, hakuwa na milango hiyo. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, kwao wakifinyanga vyungu, naye akavitembeza kwa miguu akivinadi. Na sauti iliyokuja kumpatia jina ilikuwa ni hiyo hiyo aliyoitumia kunadia. Alipohamia mjini alikuwa ni mtu mzima tayari, na hapo ndipo alipofundishwa kuimba kwa utaratibu, pamoja na vyombo. Mwaka 1928, akiwa anakaribia miaka 50, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Watu humsimulia kama ajabu, lakini mimi nikifikiri sana naona kwamba jambo kubwa ni vile vyungu, kwa sababu bila ya biashara ile huenda sauti isingetoka Fumba. (Utatajiwa pia Bi Kidude, aliyepewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005 akiwa ajuza. Yeye lakini aliimba tangu utotoni wala hakuacha, kwa hiyo mfano wake haukufai sana.)

Kuhusu msukumo, nitakueleza langu. Nilianza kushona kofia za viua nikiwa na miaka 52, kazi ambayo nikiwa mtoto nilimtazama bibi akiifanya nami nikikatazwa kuigusa sindano yake. Kofia ya kwanza ilinichukua miezi mitano, na mwanangu aliivaa mara moja tu, kwa heshima. Hamu sikuwa nayo kila siku, na zilikuwapo siku ambazo nikiitazama kofia ile naichukia. Kilichonisaidia ni kwamba kikapu cha nyuzi kilikaa kando ya mkeka wangu, na nikishasali alasiri mkono ulikwenda wenyewe. Udi wako kwanza uwepo ndani ya nyumba.

Mtu wa Hesabu (Mkoani) amejibu:

Ndugu yangu, usiache kazi. Mwenye nyumba wa mjini hupokea kodi, hapokei ndoto, na watoto watatu hawawezi kungoja mpaka vidole vyako vilainike. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na kwa miongo mingi aliandika huku akifundisha chuo kikuu Uingereza. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimkuta mwaka 2021 akiwa na miaka 72. Ikiwa yeye alihitaji mshahara, wewe na mimi ni nani?

Vile vile jiulize swali moja, nawe unisamehe kwa kulisema wazi. Je, unautaka udi, au unautaka utoto wako pamoja na redio ya marehemu baba yako? Hivyo ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakirudi hata ukipiga kama mabingwa wa Misri.

Fundi Risha (Mji Mkongwe) amejibu:

Swali la Mtu wa Hesabu ni kali, lakini halijibiwi kwa kufikiri. Hujibiwa kwa kukishika chombo.

Mimi hufundisha udi, na katika wanafunzi wangu wamo waliozidi umri wako. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake, na shingo yake haina vigawanyo vya kukuonesha sauti ilipo, hivyo ni sikio linalokiongoza kidole. Hapo mtu mzima aliyelelewa na taarabu humshinda mtoto, kwa kuwa sikio lake limeshajaa. Anaijua sauti iliyopotoka kabla hajajua kuinyoosha. Mtoto naye humshinda mtu mzima kwa vidole, na zaidi kwa kutoona haya. Wanafunzi wangu wakubwa wanaoacha huacha katika mwezi wa pili, na wengi wao huacha kwa sababu sikio limetangulia mbali mno na mkono hauwezi kulifikia, wakadhani kwamba hawana kipaji. Ukilijua hilo mapema, mwezi huo utaupita.

Dakika 25 kila siku baada ya sala ya alfajiri ni bora kuliko saa tatu za Ijumaa. Risha, yaani kile kijiti cha kupigia nyuzi, usiikabe, ilegeze na mkono utoke kwenye kifundo. Udi usiuweke chini ya bati wala dirishani, kwani joto hufungua gundi, na unyevu wa bahari yetu huzilegeza nyuzi kila siku, kwa hiyo usishangae ukiutega sauti leo na kesho ukaukuta umepotoka.

Kuhamia Unguja si lazima. Hapa kipo chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwaka 2002, na ukipata likizo unaweza kuja kuulizia masomo. Lakini hata katika vikundi vyetu vikongwe vya taarabu, kama Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, utawakuta watu wenye shughuli nyingine mchana, na jioni ndipo wanapokaa na vyombo vyao. Hakuna anayewaita wanamuziki nusu.

Kijana wa Zamani amejibu:

Nimelikalia swali la Mtu wa Hesabu siku nne, na nakiri kwamba siku ya kwanza lilinikasirisha. Jana nilikwenda kwa mzee mmoja hapa Chake ambaye zamani alikuwa akipiga, akautoa udi wake kwenye kanga ulimokuwa umefungwa, akanipakatisha. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani miaka yote hii, na mgongo wake ulikuwa wa duara kiasi kwamba kila nikijaribu kuutuliza kifuani uliteleza. Akanionesha mahali pamoja tu pa kuweka kidole cha pete. Nilipojitanabahi, adhana ya magharibi ilikuwa inasikika, na katika muda wote ule sikumkumbuka baba wala redio. Nilikuwa ninashughulika na kidole kimoja kilichokataa kukaa.

Kazi siachi. Ninayo mikarafuu minne ya urithi, na vuno hili fedha yake nimeiwekea nia ya kununulia udi. Mke wangu ameridhia, kwa sharti kwamba nitapigia kwenye kibanda cha kuwekea karafuu mpaka nyimbo zianze kutambulikana. Fundi Risha, nina swali moja: vigingi vya udi wa mzee yule vinateleza, kila akikaza vinarudi. Nimwambie apake nini?

Fundi Risha amejibu:

Chaki kavu ya skuli, kidogo tu, kisha akikaze kigingi huku akikisukuma ndani. Mafuta asiyaguse kabisa.