Msaada: mafuta ya chipsi yamenigandia kama uji badala ya kuwa dizeli

Pikapu ya Kahawa
Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

Nina pikapu kuukuu ya dizeli ninayobebea mboga kutoka soko la Wakulima hadi Kahawa West. Bei ya dizeli imenielemea. Ndugu yangu ana vibanda viwili vya chipsi, na kila wiki anabakiwa na mtungi wa lita 20 wa mafuta yaliyochoka. Hataki kumuuzia mtu ayakaangie tena, na hapo namuunga mkono. Nikasoma kwamba mafuta hayo yakichanganywa na methanoli na kostiki soda yanakuwa dizeli.

Jumamosi nilichukua lita 10, nikayapasha kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Nikayeyusha kostiki ndani ya lita 2 za methanoli. Kostiki sikuipima, nilikisia vijiko vinne vikubwa kwa sababu mafuta yalikuwa meusi. Nikamimina huku nakoroga, jiko bado linawaka. Povu lilipanda na sufuria ikawa nyeusi ndani. Asubuhi nikakuta kitu kizito kama uji wa wimbi uliopoa. Zile tabaka mbili nilizosoma habari zake, dizeli juu na gliserini chini, hazikuwepo, na usiku kucha kichwa kiliniuma.

Nimekosea wapi? Niendelee au niache? Nakaa ploti ya kupanga, na watoto wa majirani wanacheza uani.

Nesi wa Eastlands
Ndugu, kabla ya dizeli tuongee habari ya kichwa. Ulivuta mvuke wa methanoli. Ukiona ukungu machoni, tumbo likikuuma au pumzi ikienda mbio, nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie wazi kwamba ni methanoli. Usingoje kupambazuke. Sumu yake hukawia, mtu anaweza kujiona mzima nusu siku nzima halafu akaanza kupoteza macho.

Mnakumbuka Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua watu wengi Embu, Kiambu na kwingineko. Nilikuwa zamu wiki ile. Nilimshika mkono kijana aliyekuwa akiuliza kwa nini taa zimezimwa, na taa zilikuwa zinawaka. Mililita 10 tu zikimezwa zinaweza kumpofusha mtu. Inafanana na maji, na umeiweka mahali penye watoto. Tafadhali iondoe hapo leo.

Pikapu ya Kahawa
Asante dada. Macho yako sawa, kichwa kilitulia Jumapili. Mtungi nimeufungia ndani ya sanduku la pikapu kwa kufuli.

Mwalimu wa Kemia
Pole ndugu. Umefanya makosa manne, na moja kati ya hayo lingeweza kuwaunguza nyote.

La moto kwanza. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hivyo kwetu huchemka kwenye nyuzi 60 hivi. Wewe uliimimina kwenye mafuta ya moto juu ya makaa. Mvuke wake ukishika moto, mchana hata mwali hauonekani vizuri. Pasha mafuta peke yake, yaondoe kabisa kwenye jiko, yapime kwa kipimajoto yafike nyuzi 50 hadi 55, na uchanganye mahali pa wazi pasipo moto wowote.

La pili ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini ikatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Weusi na sehemu ya povu uliloliona vilitoka huko. Tumia chuma cha pua, au mtungi mzito wa plastiki aina ya HDPE.

La tatu ni maji. Viazi huacha maji kwenye mafuta, na maji yakikutana na kostiki na mafuta unapata sabuni. Chuja kwa kitambaa, kisha pasha mafuta hadi nyuzi 100 na zaidi kidogo mpaka yaache kutoa sauti ya kupasuka-pasuka. Ndipo uyaache yapoe.

La nne ndilo lililokuharibia zaidi: kukisia kostiki. Mafuta mapya yanahitaji gramu 3.5 kwa lita. Yaliyokaangiwa yana asidi inayokula sehemu ya kostiki, na kila mtungi una kiasi chake, kwa hiyo lazima upime kila mara. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kwenye kikombe kingine weka mililita 10 za spiriti ya isopropili na mililita 1 ya mafuta yako, pamoja na binzari ya manjano kidogo. Kwa sirinji, dondosha maji ya kostiki tone kwa tone huku ukitikisa, mpaka rangi ya manjano igeuke nyekundu na ikae nusu dakika. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kuongeza juu ya zile 3.5 kwa kila lita. Ukitumia 2.5, jumla ni gramu 6 kwa lita. Ukipita mililita 5 au 6, mafuta hayo yamechoka mno, mpe mtu wa sabuni.

Anza na lita moja tu, kwa mililita 200 za methanoli. Kostiki iwe kavu. Mkebe ukiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani.

Mama Sabuni Kariobangi
Mwalimu amesema vyema. Mimi natengeneza sabuni na kostiki naijua, imenichoma mkono mara mbili. Vaa glavu ndefu na miwani ya kufunika macho, uwe na ndoo ya maji safi karibu. Na ile gliserini itakayokaa chini, usiimwage mtaroni. Bado ina methanoli ndani, na watu hudhani iko tayari kwa sabuni kwa sababu inateleza mkononi. Mimi nilikataa kununua ya namna hiyo, maana sabuni yangu inaosha watoto.

Fundi Pampu Grogan
Gari ni la mwaka gani? Kama ni injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, unaweza kujaribu. Haya magari mapya ya komon reli, yanayosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa sana, usiyaguse, nozeli moja inaweza kula faida yako ya mwaka.

Paipu za mpira za zamani hulainika na kuvuja ukitumia mafuta haya. Zibadilishe. Nunua pia filta mbili za akiba, kwa sababu yanang'oa uchafu wote uliolala kwenye tangi na filta ya kwanza itaziba upesi. Anza na sehemu moja ya mafuta yako kwa nne za dizeli ya petroli stesheni.

Halafu kuna Julai. Mafuta mengi ya chipsi hapa mjini ni ya mawese, na dizeli yake huanza kuwa na ukungu ikikaribia nyuzi 15. Asubuhi za Julai Nairobi hushuka chini ya hapo. Ukitoka kwenda Wakulima saa kumi alfajiri na tangi limejaa mafuta hayo matupu, gari halitawaka.

Mkulima Kitengela
Je, mafuta ya mbegu za mbono (jatrofa) si rahisi zaidi? Tuliambiwa tupande.

Mwalimu wa Kemia
Mzee, mwaka 2009 watafiti wa ICRAF (kituo cha kimataifa cha kilimo mseto) na KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu Kenya) walikuwa miongoni mwa waliochunguza mashamba ya mbono hapa Kenya. Waliona mavuno ni haba, wakashauri upandwe kama ua wa kuzungushia shamba tu. Usiondoe mahindi kwa ajili yake.

Pikapu ya Kahawa
Gari ni la 1994, pampu ya kawaida. Na nikipata mazuri, naweza kumuuzia jirani mwenye posho mili?

Mwalimu wa Kemia
Usiuze. Mafuta ya magari yako chini ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na kuuza kunataka leseni. Tumia kwenye gari lako.

Pikapu ya Kahawa
Nimerudi baada ya wiki mbili. Pale kwenye ploti nimeacha kabisa. Nimehamia shambani kwa shemeji yangu Ruai, banda lisilo na kuta na halina mtoto.

Nilipima kwa binzari mara tatu, nikapata mililita 3 kila mara. Nikaweka gramu 6.5 kwa lita moja. Asubuhi chini palikuwa na gliserini ya kahawia, juu mafuta mepesi ya rangi ya asali. Shemeji yangu alipiga kelele kuniita nije nione. Nikachukua mililita 3 za yale ya juu nikatia ndani ya mililita 27 za methanoli kuona kama yamegeuka yote, kama nilivyosoma. Karibu yote yaliyeyuka, likabaki tone dogo chini.

Mwalimu wa Kemia
Hongera. Tone hilo ni mafuta ambayo hayajageuka, kwa hiyo usiyatie kwenye gari bado. Rudia na lita hiyo hiyo kwa methanoli na kostiki kidogo, koroga saa nzima, kisha uoshe kwa maji ya vuguvugu taratibu bila kutikisa kwa nguvu, na uyakaushe mpaka yang'ae.

Fundi Pampu Grogan
Ukimaliza, niletee chupa moja niione kabla hujatia kwenye tangi. Paipu nimekuwekea.