Maumivu ni mabaya kwa sababu tunayachukia?

msaka_hoja: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanafalsafa Derek Parfit anakataa kwamba sababu za kutenda zinatokana na matakwa yetu. Ila anakiri kwamba hisia ya maumivu yenyewe si mbaya kama hatuichukii. Hapo si amewapa ushindi wapinzani wake?

Kinu: Hapana mkuu, hapo wengi huteleza. Jino likiuma kuna kule kupwita, kuna kero ya palepale, halafu kuna kutaka ikome. Kero si matakwa. Chaki ikikwaruza ubaoni mwili unasisimka. Asiyesisimka hajakosea chochote. Kwa Parfit kibaya ni hisia pamoja na kero yake. Matakwa yanafuata, na hayo ndiyo unaweza kuyahoji kama yana mantiki.

Rudi kwenye mfano wake wa mwaka 1984: mtu anajali maumivu ya siku zote isipokuwa ya Jumanne zijazo. Yuko radhi aumie vibaya Jumanne kuliko kuumia kidogo Jumatano. Angalia sana: Jumanne ikifika anakereka kama wewe, na analijua hilo tangu Jumatatu. Ila Jumatatu hajali. Ukisema sababu ni matakwa ya leo tu, huna la kumwambia.

daktari_mstaafu: Hisia na kero kweli hutenganika. Wagonjwa waliopewa mofini, dawa kali ya maumivu, husema maumivu bado yapo ila hayawasumbui. Mwaka 1928 madaktari Schilder na Stengel walieleza mgonjwa aliyehisi akichomwa lakini hakujikinga. Mwaka 1997 mtafiti Rainville na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya nyuzi 47 wakiwa kwenye hipnosi, yaani hali kama usingizi ambamo mtu huongozwa kwa maneno. Kwa maneno tu kero ilipanda na kushuka, ukali wa hisia ukabaki karibu vilevile, na ndani ya ubongo sehemu iliyofuata kero ni singuleti ya mbele.

msaka_hoja: Shukrani. Na mtu akisema kero yenyewe ni matakwa ya wakati ule?

Kinu: Hiyo ni njia ya mwanafalsafa David Sobel, na ndiyo hoja nzito ya wapinzani wa Parfit. Usipoteze muda kubishana kama kero iitwe matakwa. Mkubalie jina hilo, kisha mbane kwenye wakati: matakwa yangu ya Jumanne yananifunga vipi Jumatatu, na Jumatatu siyajali? Akisema yanahesabika hata hivyo, itabidi aeleze kwa nini, na maelezo hayo hawezi kuyachota kwenye matakwa yangu ya Jumatatu.