Brigedi ya Marine wa Marekani imeundwaje, na hufunzwa nini?

Mwalimu_Shangani
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha historia hapa Mtwara. Wiki hii, tulipokuwa tukisoma jinsi Waingereza walivyoteremsha askari Tanga mwezi Novemba 1914 wakashindwa, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama lipo jeshi lililoifanya kazi ya kushuka kutoka baharini kuwa fani yake. Nilimtajia brigedi za Marine wa Marekani, lakini maelezo yangu yaliishia hapo. Brigedi hiyo ina nini cha pekee, na ilifikaje Afghanistan, nchi isiyo na bahari?

Msomaji_Lindi
Salaam, Mwalimu. Upekee wake ni kwamba brigadia jenerali mmoja huongoza kwa pamoja askari wa miguu, ndege na helikopta zao, na kikosi cha ugavi chenye akiba ya siku 30 hivi, kwa hiyo hawalazimiki kuomba ndege kwa jeshi jingine. Brigedi ya 9 ndiyo iliyoshuka Da Nang, Vietnam, tarehe 8 Machi 1965. Agosti 1990 askari wa Brigedi ya 7 walisafirishwa kwa ndege hadi Saudia, na zana zao zikawafuata kwa meli zilizokuwa zimekwisha kupakiwa zikisubiri kisiwani Diego Garcia, katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Kuhusu Afghanistan, Brigedi ya 2 ilipelekwa jimbo la Helmand mwaka 2009. Marine wana uwanja mkubwa wa mazoezi huko Twentynine Palms, katika jangwa la Mojave, ambako askari wa miguu, mizinga na ndege hufanya mazoezi pamoja kwa risasi za moto, hivyo jangwa si geni kwao.

Karani_wa_Shehena
Naomba kuongeza jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni upakiaji. Kitakachohitajika kwanza ufukweni hupakiwa mwisho, na mazoezi yao huanzia hapo. Msimu mmoja wa korosho niliona kontena la kushushwa kwanza likiwa chini ya mengine manne, tukapoteza nusu siku kulifikia, na hapo hakuna aliyekuwa akitupiga risasi. Kule Tanga, mizinga ya milimani haikushushwa kabisa. Ilifyatuliwa ikiwa juu ya sitaha, na wapigaji hawakuweza kuona shabaha vizuri.

Mvuvi_Mikindani
Mwalimu, waeleze wanafunzi pia habari za maji. Tarehe 20 Novemba 1943 Marine walishuka Betio, kisiwa kidogo katika visiwa vya Tarawa, Bahari ya Pasifiki, wakati wa maji mafu. Bahari haikujaa vya kutosha, na mashua zilizohitaji kina cha futi 4 hivi zikakwama kwenye mwamba wa matumbawe, askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Magari ya minyororo yaliyoweza kuupanda mwamba ndiyo yaliyofika. Katika siku tatu walikufa Marine wapatao 1,000. Kikosi cha Brigedi ya 2 kilichopigana Nasiriyah, Iraki, mwaka 2003 kilipewa jina hilo hilo la Tarawa, na mimi naona walifanya vyema kutolisahau. Sisi hapa hatuvushi dau lenye mzigo juu ya mwamba siku za maji mafu hata yakiwa yamejaa. Walete watoto siku kama hiyo, tuwatoe kwa mtumbwi wapime kina wenyewe kwa upondo.