Naomba ushauri: nijifunzeje maneno ya vyakula kwa Kimalei?

Mtanga Ugenini
Ndugu wanajukwaa, habari za siku nyingi. Nipo Kuala Lumpur, Malaysia, kwa masomo, huu ukiwa mwezi wa pili, na kila siku ninakula katika mikahawa midogo ambayo wahudumu wake huzungumza Kimalei. Nimekariri orodha ndefu ya maneno kwenye simu, lakini nikikaa mezani hainisaidii. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba nina kisukari: nikiagiza “teh” ninaletewa chai yenye maziwa matamu ya kopo, na juzi niliposema “teh o” ilikuja chai ya rangi, ila sukari ilikuwa imekwisha kutiwa. Nianzie wapi?

Mkaazi wa Johor
Pole sana, ndugu yangu. Tuanze na la afya. Hiyo “o” huondoa maziwa tu; sukari huondolewa na “kosong”, maana yake tupu. Sema “teh o kosong”, na ukiitaka ya moto ongeza “panas”. Usilichanganye neno hilo na “pedas”, ambao ni ukali wa pilipili. Ukitaka upunguziwe, sema “kurang pedas”.

Mwana wa Mvita
Niliishi Penang, hukohuko Malaysia, miaka mitatu, na ninakusihi uiache orodha hiyo ikiwa imepitia Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza hutosheka na neno moja pale ambapo sisi na Wamalei tuna matatu. Mpunga shambani ni “padi”, mchele dukani ni “beras”, na wali sahanini ni “nasi”. Vivyo hivyo nazi ni “kelapa” na tui lake ni “santan”. Nasi lemak unayoiona kila asubuhi si kingine ila wali wa tui uliopikwa kwa jani la pandan, jani lenye harufu nzuri, ukawekewa pembeni sambal, yaani pilipili ya kusaga, karanga, vipande vya tango, yai, na “ikan bilis”, yaani dagaa waliokaangwa wakakauka hata wakavunjika mdomoni. Sifa nayo hufuata jina kama kwetu: “ikan bakar” ni samaki wa kuchoma, “ayam goreng” ni kuku wa kukaanga. Herufi c isome “ch”. Tena, usimwite mhudumu kwa kupunga mkono. Aliye rika la dada yako mwite “kak”, na aliye rika la mama mwite “makcik”, nawe utaona anavyokusikiliza kwa subira.

Mtanga Ugenini
Ahsanteni mno. Leo asubuhi nimesema, “Kak, teh o kosong panas, satu,” yaani moja, na dada yule akanirudishia neno moja tu, “Kosong?”, nikaitikia kwa kichwa. Chai imekuja nyeusi, bila sukari, nami nimeinywa yote. Nilipotaka kuchukua chakula nikala nyumbani, nilikosa la kusema. Neno lake ni lipi?

Mkaazi wa Johor
Sema “bungkus”, ndugu yangu. Ni kama sisi tunavyosema “nifungie”.