Lightnin' Hopkins alitungaje nyimbo zake papo kwa papo?

Gitaa Kavu: Ndugu zangu, nimekuwa nikisikiliza rekodi za Lightnin' Hopkins, mwimbaji wa blues (muziki wa Wamarekani weusi) kutoka Texas, aliyefariki Houston mwaka 1982, na jambo moja linanitatiza. Husemwa kwamba aliweza kuketi mbele ya kinasa sauti bila mazoezi, kisha akasimulia kisa kizima kwa vina. Je, alitunga kweli pale pale, au alizipanga upya tu beti alizokuwa nazo kichwani?

Santuri: Yote mawili, ila mizani inaelemea utunzi. Blues ina mishororo mingi isiyo na mwenyewe, ambayo waimbaji huazimana, naye aliichota kama wenzake. Hata hivyo, Chris Strachwitz, aliyemsikia katika kilabu kimoja cha Houston mwaka 1959, alisimulia kwamba Hopkins aliimba kuhusu mvua iliyokuwa imenyesha, bega lililokuwa likimuuma, na yeye mgeni aliyetoka California kuja kumsikiliza. Beti za akiba zingemjuaje mgeni wa usiku ule? Mwaka uliofuata Strachwitz akaanzisha kampuni ya rekodi ya Arhoolie.

Nyuzi Sita: Niongeze upande wa ufundi. Katika ubeti wa blues, mshororo wa kwanza huimbwa mara mbili na wa tatu ndio unaoujibu, kwa hiyo mwimbaji anaporudia maneno yake huwa tayari anasaka kina cha kufungia; tena kila mshororo unapokwisha, gitaa hushika zamu na kumpa pumzi nyingine ya kufikiri. Hopkins hakujifunga hata na vipimo 12 (mafungu ya mapigo) vya kawaida vya ubeti, bali neno lilipochelewa aliongeza mapigo mpaka lije. Wapiga besi na ngoma waliofuatana naye walilazimika kumvizia mkono. (Mimi nimejaribu kumfuata kwa besi, nikapotea kabla ubeti wa pili haujaisha.)

Santuri: Usisahau pia masimulizi yake ya nusu kuongea, nusu kuimba. Kisa cha kijana mwenye kigugumizi, anayeshindwa kumwambia bwana wake kwamba kinu kinateketea mpaka aambiwe aimbe, alikirekodi zaidi ya mara moja. Kisa ni kile kile, lakini maneno hayalingani.

Gitaa Kavu: Nashukuruni. Kumbe nilikosea kudhani kwamba kuwa na akiba kunapingana na kutunga. Nitazitafuta rekodi mbili za kisa hicho, nizisikilize moja baada ya nyingine, nione anapoachana na njia aliyopita mwanzo.